MNATIBU MGUU, SUKARI MNAMWACHIA NANI?

Leo siandiki siasa. Leo nagombana na watu wa hospitali, na ndugu wa wagonjwa, na kila anayeingia wodini na mfuko wa soda.

Hoja yangu ni moja. Mwenye kisukari akiugua kitu kingine, iwe malaria, nimonia, upasuaji au ajali ya bodaboda, hapo ndipo sukari yake inapotakiwa kuangaliwa kuliko siku zote. Sisi tunafanya kinyume. Tunasema, "Apone kwanza mguu, mambo ya sukari baadaye." Baadaye lini?

Jamani, hii elimu si siri. Mwili ukiumia au ukipambana na vijidudu hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Homoni hizo hulifanya ini limwage sukari kwenye damu, na wakati huohuo huipunguza nguvu insulini. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kushinda na njaa na sukari bado ikapanda. Ikibaki juu, kinga ya mwili inalegea na kidonda kinagoma kufunga. Kwa hiyo anayesema mguu kwanza, hata huo mguu hautibu.

Binamu yangu ana kisukari cha aina ya kwanza. Alivunjika mguu, akafungwa hogo katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Siku ya pili akakosa hamu ya kula. Insulini ikasitishwa, eti kwa kuwa hali chakula sukari itashuka. Hakuna aliyempima. Kufika usiku anatapika, anahema kwa kasi, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akaokolewa kwa dripu na insulini ileile aliyonyimwa.

Mtu wa aina ya kwanza haachishwi insulini hata asipokula. Dozi inaweza kubadilishwa, lakini na daktari anayeangalia kipimo, si kwa kukisia. Akiachishwa, mwili unaunguza mafuta, damu inajaa asidi, na hilo linaua.

Haya, wageni nanyi. Soda ya mililita 350 huwa na sukari karibu gramu 35, yaani vijiko vya chai 8 au 9. Wewe unaleta mbili, jirani analeta kopo la glukosi, shangazi analeta uji wenye asali, "apate nguvu". Nguvu ipi? Soda ina siku yake: kipimo kikisoma chini ya 4, nusu glasi inaokoa maisha. Nje ya hapo mpelekeeni maji, mayai, samaki, mchicha. Au changeni mumnunulie stripu za kipima sukari.

Najua nitajibiwa kwamba vifaa hakuna. Kipima sukari kinaingia mfukoni na kinatoa jibu kwa sekunde chache. Hospitali yenye mashine ya eksirei inashindwa na hicho? Kinachokosekana ni mtu kuona kwamba ni kazi yake.

Mwaka 1923 Frederick Banting, Charles Best na James Collip waliuza haki ya insulini kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kila mmoja. Karne imepita, na mtu anaikosa akiwa amelala wodini kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumtoboa kidole.

Ninachodai si kikubwa. Kila anayelazwa aulizwe kama ana kisukari. Akiwa nacho, apimwe kila baada ya saa chache, na namba iandikwe kwenye faili pamoja na joto na presha. Akiruhusiwa, aondoke na maelekezo yaliyoandikwa: apime mara ngapi, dawa gani asiache, dalili gani zimrudishe mbio.

Mkitembelea mgonjwa wiki hii, kabla ya kuuliza mguu unaendeleaje, ulizeni sukari imesoma ngapi. Wa kunibishia karibuni, nipo.