Upepo ni Wetu, Mashine ni ya Nani?

Kuna mtindo mmoja hapa shuleni ambao mimi siupendi hata kidogo. Mwanafunzi akisema anataka kuwa daktari ama wakili, anapigiwa makofi. Akisema anataka kuwa fundi wa vyuma, anachekwa: "Wewe ni wa jua kali tu!" Naomba hao wanaocheka wanipe sikio.

Kule Lem, kijiji cha magharibi mwa Denmark, mhunzi aitwaye H. S. Hansen alifungua karakana yake mwaka wa 1898. Mwaka wa 1945 mwanawe, Peder, pamoja na wenzake walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Vestas. Walianza na vifaa vya jikoni. Baadaye wakaingilia mitambo ya kupoza maziwa, kisha kreni. Mashine yao ya kwanza ya kuzalisha umeme kwa upepo waliiuza mwaka wa 1979, nayo ilikuwa ya kilowati 30 tu.

Je, mambo yaliwaendea sawasawa? Thubutu! Dhoruba iling'oa mabawa ya mashine mojawapo, ikawabidi wasimamishe kazi watafute kosa. Hatimaye wakaamua kujitengenezea mabawa wenyewe. Tena, walitegemea mno soko la California, ambako wenye mashine kama hizo walipunguziwa kodi. Nafuu hiyo ilipokwisha mwishoni mwa 1985, soko liliporomoka, na mwaka wa 1986 kampuni ikafilisika. Mwaka wa 1987 ikazaliwa upya, safari hii ikishughulikia upepo peke yake.

Sasa tutazame kwetu. Huko Loiyangalani, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, kuna mashine 365 za kampuni hiyo hiyo, zenye uwezo wa megawati 310. Zilianza kutupatia umeme mwaka wa 2018. Upepo ni wetu, lakini mashine tumenunua.

Sisemi tusinunue, la hasha! Nasema mafundi wa Kamukunji, wanaofua masanduku na majiko kutwa kucha, hawana tofauti na mhunzi wa Lem. Kilichopungua ni heshima, mtaji na elimu ya kuwaendeleza. Walimu wetu, somo la fizikia litoke ubaoni liingie karakana. Nanyi wenzangu, acheni kucheka mikono yenye masizi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.