Istilahi Haizaliwi Kamusini: Funzo Kutoka kwa Nuru na Silikoni

Imezoeleka katika makongamano ya Kiswahili kudai kwamba lugha hii ina uwezo wa kubeba taaluma yoyote ile. Dai hilo ni la kweli, ila aghalabu hutolewa bila ushahidi. Mwanafunzi huorodhesha maneno ya Kiingereza upande mmoja na ya Kiswahili upande wa pili, kisha akaridhika kuwa kazi imekwisha. Mfano mmoja wa uhandisi watosha kuonyesha udhaifu wa mtindo huo.

Mfano huo ni moduleta ya nuru. Leza hutoa nuru isiyobadilika. Moduleta ndiyo huitia nuru hiyo ujumbe kwa kuififisha na kuing'arisha mara mabilioni kwa sekunde. Nuru iliyotiwa ujumbe husafiri katika nyuzi za kioo, kama zile za kebo za baharini zilizofika Mombasa mwaka wa 2009. Anayekiita kifaa hiki "kirekebishi" amepotoka, kwani hakuna kilichoharibika hata kirekebishwe. Anayekiita "kigeuzi" naye amekichanganya na vifaa vingine chungu nzima. Wote wawili wamelitazama neno bila kukitazama kitu.

Kitu chenyewe kina maajabu yake. Mwaka wa 1987, Richard Soref na Brian Bennett wa Marekani walionyesha kihesabu kwamba kuongeza au kupunguza chembe zinazobeba umeme ndani ya silikoni hubadilisha kasi ya nuru ipitayo humo. Badiliko hilo ni dogo mno. Kwa hivyo, wahandisi huigawa nuru katika njia mbili, wakatumia umeme kuichelewesha katika njia moja, kisha wakaziunganisha tena. Vilele vya mawimbi vikikutana, nuru hung'aa. Kilele kikikutana na bonde, nuru hutoweka. Mwaka wa 2004, watafiti wa kampuni ya Intel walitangaza moduleta ya silikoni iliyovuka gigahezi 1. Hivi leo, moduleta za aina hii huweza kupitisha gigabiti 100 kwa sekunde na zaidi.

Kasi hiyo haikupatikana kwa kubahatisha. Mshika mbili moja humponyoka, na mhandisi hulijua hilo vyema. Akiongeza chembe za umeme katika silikoni, ukinzani hupungua na kasi hupanda, lakini chembe zizo hizo huimeza nuru. Akirefusha njia, volti inayohitajika hupungua, lakini nuru hupotea zaidi na umeme huzidi kupata shida ya kwenda sambamba nayo. Ndiposa kabla ya chipu kutengenezwa, kielelezo chake huundwa katika kompyuta: hukokotolewa mtawanyiko wa chembe kwa kila volti, kisha mwendo wa nuru, kisha mwendo wa umeme katika nyaya zake. Kosa la kielelezo hufutwa kwa urahisi. Kosa la chipu ni hasara.

Istilahi nayo yastahili kielelezo cha namna hiyo. Kabla ya kuingizwa kamusini, iulizwe: Je, inaeleza kazi ya kitu? Je, inaafikiana na istilahi jirani, kama vile leza na kipokezi? Je, inanyambulika? Katika kipimo hiki, neno la mkopo "moduleta" lililofafanuliwa vizuri kwa Kiswahili huenda likalishinda neno la Kibantu lililobuniwa gizani.

Wapo watakaopinga kwamba kazi hii ni ya wahandisi wenyewe. Hoja hiyo haina mashiko. Mhandisi wa Kenya hufundishwa taaluma yake kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, naye hawezi kutarajiwa kuijenga lugha ambayo hakuitumia darasani. Wala mwanaisimu peke yake hawezi. Katiba ya mwaka wa 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini urasmi wa karatasini hauandiki maelezo ya chipu.

Linalohitajika ni mwanafunzi wa Kiswahili kubisha mlango wa idara ya uhandisi, aketi, aulize, aelewe, ndipo aandike. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.