Umejuaje?

Muhula uliopita sisi wanafunzi wa kidato cha sita tulitoka hapa Mbale alfajiri, tukapita Iganga, tukafika Jinja kutazama mahali mto Naili unapotoka ziwani. Tuliporudi kila mmoja aliandika insha. Yangu ilijaza kurasa nne, nami nilitumaini itasomwa mbele ya darasa. Ilirudi imetiwa wino mwekundu mahali pawili. Nilipoandika, "Niliyaona maporomoko ya Ripon yakinguruma kama simba," Mwalimu aliuliza, "Uliyaona wapi?" Na nilipoandika, "Speke aligundua chanzo cha Naili mwaka 1862," alitia neno moja tu: "Umejuaje?"

Swali la kwanza lilinitia aibu. Maporomoko yale hayaonekani tena. Yalifunikwa na maji lilipojengwa bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Mimi nilisimama ukingoni nikayatazama maji yakienda zake, kisha nikaja kuandika ngurumo niliyoitoa katika kitabu cha zamani. Nilikiamini kitabu, nikayakana macho na masikio yangu mwenyewe.

Kwa la pili nilimwendea Mwalimu. Nikasema, "Nimesoma kitabuni, Mwalimu." Akajibu, "Na mwenye kitabu amejuaje?" Sikuwa na neno. Nikaenda maktaba, na huko nilikuta habari ambazo yafaa kila msomaji wa gazeti hili azijue.

Speke alifika kwenye maporomoko yale tarehe 28 Julai 1862. Wenyeji walikuwa wakivua samaki pale, na mahali penyewe palikuwa na jina lao, maana yake "mawe". Basi neno "kugundua" nalo lataka kuulizwa: kiligunduliwa kwa ajili ya nani? Zaidi ya hayo, Speke hakulizunguka ziwa, wala hakuufuata mto hatua kwa hatua mpaka Misri. Kwa sababu hiyo Burton, aliyekuwa mwenzake katika safari ya kwanza, alimpinga. Walipangiwa kukutana katika mkutano wa wataalamu mjini Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864, lakini Speke alikufa siku moja kabla, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Ilipofika 1875, Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua, akaona kwamba maji yake hutokea pale pale Jinja.

Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Speke alisema kweli, lakini ushahidi wake haukutosha. Burton alikosea, na hata hivyo alifanya vema kuuliza, maana bila swali lake nani angejisumbua kulizunguka ziwa? Kusema kweli ni jambo moja, na kuonyesha kwamba ni kweli ni jambo jingine. Hili la pili ndilo kazi ya insha.

Msidhani haya ni mambo ya wazungu wa kale tu. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika hapa Mbale, na watu zaidi ya 20 walikufa. Waulize wanafunzi sababu, na wengi watajibu upesi: "Miti ilikatwa mlimani." Huenda ni kweli. Lakini mvua ilinyesha kiasi gani usiku ule? Nyumba zilijengwa umbali gani na mto? Mifereji ilikuwa wazi au imezibwa na takataka? Mwenye kukariri sababu moja atapanda miti, kisha atarudi kulala katika nyumba ile ile ukingoni mwa mto. Jibu lisilopimwa laweza kuua.

Sisi tulioingia kidato cha kwanza 2020 ndio wa kwanza kusoma kwa mtaala mpya, na ndio wa kwanza kufanya mtihani wake wa UNEB, mwaka 2024. Mtaala huo wataka mwanafunzi aeleze na atende, si kukariri tu. Nausifu. Lakini mtaala haufikiri kwa niaba ya mtu. Nimeona kazi za miradi zilizonakiliwa neno kwa neno, hata makosa ya herufi yamo, na siku hizi wako wanaorudi kutoka likizo na insha walizoandikiwa na akili bandia. Mwanafunzi mmoja wa zamani alitwambia kwamba insha yake ya kwanza chuoni ilipata sifuri, kwa kuwa maneno yalikuwa ya watu wengine naye hakuwataja. Alisema, "Miaka sita nilisifiwa kwa jambo lile lile."

Wako watakaosema kwamba mtihani una saa chache, afadhali kukariri. Sikatai kwamba kumbukumbu yahitajika. Mimi mwenyewe nisingaliweza kuandika haya bila kuzishika tarehe. Lakini tarehe ni matofali, na rundo la matofali si nyumba.

Kwa hiyo naomba mambo mawili hapa shuleni. Kwanza, insha ya General Paper isipelekwe kwa mwalimu kabla ya kusomwa na mwenzako, naye akuulize kila aya, "Umejuaje?" Ajibiwe moja katika matatu: nimeona mwenyewe, nimeambiwa na fulani, au nadhani. Pili, katika mjadala wa Jumamosi msemaji asipinge hoja ya mwenzake kabla ya kuieleza vizuri hata mwenyewe akubali, "Ndivyo nilivyosema."

Nanyi wanafunzi wa zamani, mkija siku ya wageni hutueleza mlivyofaulu, nasi hupiga makofi. Safari hii tuleteeni insha zenu za chuo zilizojaa wino mwekundu, tuone mlipokosea na mlivyotengeneza. Yangu nimekwisha kuibandika kwenye ubao wa maktaba, kurasa zote nne, pamoja na yule simba.