Ebola iliuzwa kwa senti Marekani, lakini dawa ilipimwa Beni

Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 2014, Ebola ikiwa ingali inaua watu Guinea, Liberia na Sierra Leone, SEC, tume ya serikali ya Marekani inayochunga masoko ya hisa, ilisimamisha kwa muda uuzaji wa hisa za kampuni nne ndogo. Zote nne zilidai zinatengeneza kitu cha kupambana na Ebola. Tume ilisema hakukuwa na habari za kutosha na za kweli juu ya kazi yao. Ugonjwa wetu ulikuwa umegeuzwa chambo cha kuvua feza za watu.

Biashara hiyo haijakufa. Na simu haijui mpaka: mtu wa Goma, Bukavu ao Bunia, ao ndugu yake aliye Ulaya, anaweza kupata ujumbe unaosema: nunua sasa, dawa inakuja, hisa ingali senti 30, kesho itakuwa dola 10. Mimi nasema usinunue. Naeleza sababu.

Kwanza hilo neno "senti". Wengi wanafikiri hisa ya senti ni ya bei nafuu. Hapana. Kama kampuni ina hisa milioni 800 na kila moja inauzwa senti 50, basi soko linaihesabu kuwa na samani ya dola milioni 400. Ni feza nyingi sana kwa kampuni isiyouza hata kidonge kimoja. Na kampuni ya namna hiyo inaishi na nini? Inaishi kwa kutoa hisa mpya na kuziuza. Kwa hiyo inahitaji bei ipande, na bei haipandi bila kelele: tangazo leo, tangazo kesho, "matokeo mazuri", "tunangojea ruhusa". Wengine hulipwa wasifu hisa hizo, kama vile mpiga debe wa basi, ila mpiga debe yeye angalau basi lake unaliona.

Tuangalie CytoDyn ya Marekani. Mwaka 2020, hisa yake ilitoka chini ya dola moja ikafika karibu dola 10 katika miezi michache, kwa sababu ilitangaza kwamba dawa yake leronlimab ingetibu Covid-19. Mwezi wa 5 mwaka 2021, FDA, shirika la Marekani linaloruhusu dawa, lilisema wazi kwamba majaribio ya kampuni hiyo hayakuonyesha faida kwa wagonjwa wa Covid-19. Mwaka mmoja baadaye hisa ilikuwa imerudi chini ya dola moja. Mkubwa wa kampuni, Nader Pourhassan, yeye alikuwa ameshauza hisa zake na kupata zaidi ya dola milioni 4. Mwezi wa 12 mwaka 2024 mahakama ya Maryland ilimkuta na hatia ya udanganyifu. Aliyenunua kwa dola 10 akiamini matangazo, nani alimrudishia?

Sisi watu wa mashariki ya Congo tuna sababu ya pekee ya kutodanganyika, kwa kuwa tuliona kwa macho namna dawa inavyopimwa. Tangu mwezi wa 11 mwaka 2018, dawa nne za Ebola zilipimwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa INRB alikuwa mmoja wa waliosimamia kazi hiyo. Mgonjwa hakuchaguliwa kwa uso wake. Kura ndiyo iliamua nani apewe dawa gani. Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa mwezi wa 2 mwaka 2019, na kazi iliendelea.

Watu 681 waliingia katika jaribio lile. ZMapp ndiyo dawa iliyosifiwa ulimwenguni kote mwaka 2014. Kwetu, karibu nusu ya waliopewa ZMapp walikufa. Remdesivir ilifanya vibaya zaidi kidogo. Lakini kwa mAb114 walikufa 35 kwa mia, na kwa REGN-EB3 karibu 34 kwa mia. Sifa za miaka minne zilijibiwa na hesabu ya vitanda.

Sasa angalia jambo hili, kwa maana wauza hisa hawatakuambia. mAb114 ilitoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kampuni iliyopewa haki ya kuitengeneza, Ridgeback, haikuwa sokoni: hukuweza kununua hisa yake hata kama ungekuwa na dola milioni. REGN-EB3 ni ya Regeneron, kampuni kubwa ambayo hisa yake ilikuwa ya mamia ya dola. Kati ya dawa mbili zilizoshinda, hakuna hata moja iliyotoka katika hisa za senti.

Watu watanijibu kwamba kampuni ndogo pia hugundua dawa, na bila feza za wanunuzi hazitafika mbali. Ni kweli, hutokea. Lakini katika dawa 10 zinazoanza kupimwa kwa watu, kama 9 haziruhusiwi, hata zile za wakubwa wenye waganga na maabara. Mwenye feza za kupoteza na ajaribu. Minerval ya mtoto si feza za kupoteza, wala kodi ya nyumba.

Na yule anayekutumia ujumbe, muulize mambo matatu tu: dawa imepewa wagonjwa wangapi, ililinganishwa na nini, na yeye mwenyewe hisa zake alizinunua lini. Akikujibu kwa kukuonyesha mchoro wa bei unaopanda, bado hajajibu hata swali moja.