Tulimshinda Usubi, Tukamsahau

Muulize mwanafunzi wa Merigi, hapa Bomet, upofu wa mtoni ni nini. Akijua, atakuambia ni ugonjwa wa Afrika Magharibi. Kosa si lake, ni letu tulionyamaza. Bomet ilikuwa ndani ya Kericho hadi 1992, na Kericho kwa miaka mingi ya ukoloni ilihesabiwa Nyanza, mkoa ambao watu wake waliliwa macho na usubi, inzi anayeeneza ugonjwa huo.

Nasema waliliwa macho, na sitii chumvi. Inzi huyo mdogo mweusi akikuuma anakuachia mnyoo. Minyoo ikikomaa hujikunja ndani ya vinundu chini ya ngozi, ikaishi humo hata zaidi ya miaka kumi huku ikizaa vijiminyoo kwa maelfu. Mtu anajikuna usiku kucha. Miguu inabaki na mabaka meupe. Vijiminyoo vikifika machoni na kufia humo, jicho linavimba, kioo chake kinaingia makovu na ukungu, na nuru ikishazimika hairudi.

Dawa ya DDT ilianza kumwagwa mitoni miaka ya 1940, lakini maficho ya mabuu ya usubi huyo yalikuwa fumbo. Mwaka 1950 watafiti van Someren na McMahon wakatangaza walichokiona: mabuu yamejibanza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Kaa! Mito ikatiwa dawa, na kufikia mwisho wa muongo huo usubi huyo alikuwa amekwisha Nyanza.

Ushindi mkubwa namna hii unakosaje nafasi katika masomo ya watoto wetu? Tena ugonjwa haujaisha kwingine: Mahenge, Tanzania, na mashariki ya Kongo, watu wameendelea kumeza ivermectin, dawa iliyoanza kutolewa bure 1987, nayo huua vijiminyoo tu. Minyoo mikubwa inabaki hai. Mgonjwa akitoka huko akaja kutafuta kazi kwenye majani chai, nani atamtambua? Muuza dawa atakayempa kichupa cha matone ya steroidi bila kumpima?

Sikubali hilo. Kila zahanati ya kaunti hii iwe na mhudumu aliyefundishwa kupapasa vinundu, kukagua ngozi ya miguu, kumulika jicho na kumuuliza mgonjwa ametoka wapi. Matone ya steroidi yasiuzwe bila cheti cha daktari. Na bajeti ya afya ikisomwa, wakazi wa Merigi tusimame tuulize fungu la macho ni shilingi ngapi, na tusikae mpaka tujibiwe.