Boneti Haitaki Ubabe

Jumamosi tuliazima gari la mwalimu wetu kubebea vitabu vya chama. Pale Bloomsbury tulifungua boneti tuongeze maji ya kuoshea kioo. Tukiwa tunabishana kama boneti ni ngeli ya I-ZI au LI-YA, mmoja wetu akaikandamiza katikati kwa kiganja kimoja. Likabaki bonde la ukubwa wa kisahani.

Fundi alitufunza. Boneti za zamani zilikuwa za chuma kizito. Nyingi za leo ni za bati jembamba au aluminiamu, ili gari liwe jepesi na linywe mafuta kidogo. Ukikandamiza katikati, pasipo na egemeo, bati hubonyea.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Rudisheni kwanza ufito unaoishikilia, kama upo. Ishusheni mpaka ibaki kama sentimita 20, kisha iachieni ianguke kwa uzito wake. Isiposhika, ifungueni, muiachie tena kutoka juu zaidi kidogo. Baadhi ya magari hutaka boneti ibanwe kwa viganja viwili mbele, juu ya komeo. Kitabu cha gari kitawaambia. Mwisho jaribuni kuinua ukingo wake. Ikicheza, imeshikwa na ndoano ya akiba tu, na upepo wa barabara kuu unaweza kuifunua mbele ya macho ya dereva.

Gharama ya fundi tumechanga. Mwalimu hakutukaripia, aliuliza tu mabishano yaliishaje. Tukamjibu: I-ZI, kwa kuwa tumeiharibu, hatujaliharibu.