Jina Lako Ndani ya Telefone

Mwezi huu tuzungumze juu ya jina.

Tuseme mama mmoja yuko Baraka, mtoto wake yuko Misisi kwenye mashimo ya zahabu. Mama anapata mesaje kwa WhatsApp: "Mama, niko na shida. Nitumie dola 20 kwa numero hii." Picha ni ya mtoto wake. Mama anatoa feza za samaki, anatuma kwa M-Pesa. Jioni kijana anapiga telefone: hakuomba kitu!

Ilikuwa namna gani? Asubuhi kijana aliandikiwa kwa jina la rafiki: "Kode yangu imekuja kwako kwa makosa, nirudishie." Akatuma zile tarakimu 6. Kumbe ni ufunguo wa WhatsApp yake mwenyewe. Mwivi akaingia, mwenye nyumba akabaki inje.

Dola 20 zitatafutwa tena. Lakini wajomba na marafiki wote waliombwa siku ile. Kijana akipata shida ya kweli kesho, nani atamwamini?

Basi, tufanye hivi.

Kwanza, kode haipewi mtu, hata ndugu wa tumbo moja. Tena weka namba ya siri ya pili ndani ya WhatsApp, kusudi mwivi akipata kode akwame hapo.

Pili, karte ya mchaguzi, ambayo wengi wetu twajitambulisha nayo, usiipige picha na kuitupa kwenye grupu. Jina lako na tarehe ya kuzaliwa viko pale.

Tatu, mzazi, kabla ya kutuma feza, piga telefone usikie sauti.

Na ukiisha kuibiwa? Andikisha tena numero yako kwa WhatsApp. Kode mpya itakuja kwako, na mwivi atatolewa. Kama ameweka namba yake ya siri, utangoja siku 7, lakini naye hatakuwa tena ndani. Uwajulishe watu wako siku ileile, usione haya.

Kuna pia jina la mwenzako. Kwenye magrupu twasoma: fulani mwivi, fulani mchawi, kabila fulani hivi. Kidole kimoja, na maneno yamefika Uvira na Bukavu. Tangu Machi 2023 Kongo iko na sheria ya mambo ya dijitali, inayoazibu mwenye kutunga uongo juu ya mtu na mwenye kuupeleka mbele pia. "Mimi nilitumiwa tu" si kinga.

Wachimbaji, mwajua: zahabu ikianguka mtoni, mtachekecha mchanga mpaka muione. Jina likianguka, mtachekecha miaka.

Leo jioni, kisha chakula, mkae jamaa nzima mchague ulizo moja ambalo jibu lake lajulikana nyumbani kwenu tu. Siku mtu akiomba feza kwa jina la mtoto wenu, mumuulize hilo.